Saa ya Njiwa ya Shemeji Duni

Observatory, Johannesburg
9 Machi 2025

Mdogo wangu Gaudensi,

Nakusalimu wewe, mkeo, watoto na mbuzi wako, nikijua kwamba mbuzi ndio utakaowasomea salamu kwanza. Huku tu wazima. Goti langu la kushoto linajua mvua kabla ya watangazaji wa redio. Duni amenenepa na anakataa kwamba amenenepa. Suzan bado yuko kwenye lile duka la dawa, na Kiswahili anakielewa chote, ila akijibu anajibu Kizulu.

Utashangaa kupokea karatasi. Ni wewe mwenyewe uliyesema kwenye kundi la ukoo, mbele ya watu wote, kwamba mambo ya posa hayaandikwi kwa kidole gumba. Basi nimetafuta kalamu. Barua hii inakuja na mama mmoja anayesafiri kwa basi, akichelewa usinilaumu.

Jambo lenyewe ni hili. Suzan amepata mtu. Anaitwa Lambert, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi cherehani, ana chumba cha kushonea Mtaa wa Jules kule Malvern. Ni mpole, anasali, na Suzan akiongea anamsikiliza mpaka mwisho. Mimi nampenda. Tatizo ni shemeji yako.

Unakumbuka alivyokuwa pale Mazimbu, Morogoro, enzi za ukimbizi wao watu wa Afrika Kusini, alipokuwa akija kunichumbia? Anasimama nje ya nyumba akitazama saa ya mkononi mpaka ifike dakika aliyoahidi, ndipo abishe hodi. Sasa amestaafu, na amezidi. Anafuga njiwa wa mashindano. Wanapakiwa kwenye lori, wanapelekwa mbali, wanaachiwa, kila mmoja anarudi kwao. Mshindi hajulikani kwa macho, anajulikana kwa saa. Ni sanduku la mbao lenye mpini wa kuzungusha. Njiwa akiingia bandani unamvua kipira cha mguuni chenye namba yake, unakitia kwenye kikopo kidogo kama kastabini ya mshonaji, unakidondosha kwenye tundu la saa, unazungusha mpini, krak! Ndani kuna utepe wa karatasi, na saa inaupiga chapa ya muda ule ule. Kabla ya mashindano chama chao kinalinganisha saa zote na saa kuu, kisha kinazifunga kwa lakiri. Ukivunja lakiri nyumbani, umejitoa. Vyama vingine vina mitambo ya kompyuta siku hizi, lakini wazee wa chama cha Duni hawataki kuisikia. Saa hiyo inalala chumbani kwetu, upande wa dirishani, ambako zamani nilikuwa nalala mimi.

Sasa mtu kama huyo amepata mkwe fundi cherehani. Mwaka jana Lambert alimshonea suruali ya kuvaa kwenye chakula cha jioni cha chama. Akasema Alhamisi. Suruali ikaja baada ya chakula. Duni alikwenda na suruali yake ya zamani, ikambana kiasi kwamba alipoitwa kupokea kikombe alikataa kusimama, wakamletea mezani. Tangu siku hiyo anasema yeye hawezi kumpa mtoto wake mtu ambaye Alhamisi yake haijulikani ni ya wiki gani.

Wewe ndiye mjomba. Kwetu Waluguru neno la mjomba ndilo linalofunga, na Duni analijua hilo. Njoo uzungumze naye. Chumba cha wageni kipo, kimekuwepo tangu tuhamie.

Dada yako,
Rosalia

*

Matombo, Morogoro
6 Aprili 2025

Dada Rosalia,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikinuka samaki, kwa hiyo nadhani mama wa basi alifanya biashara njiani. Sisi hatujambo. Mke wangu anakuamkia, anasema goti lifungwe majani ya mnyonyo. Tangu nistaafu ualimu watoto wa kijiji wananikimbia vile vile, jambo linalonifariji.

Nimesoma habari za njiwa mara mbili. Nina swali moja: akishindwa, analiwa? Na kama haliwi, anafundishwaje?

Kuhusu huyo kijana, kwa upande mmoja namwelewa shemeji. Fundi cherehani wa hapa Matombo ana koti langu tangu nikiwa kazini. Nikimuuliza ananiambia limebaki kola tu. Kwa upande mwingine, Suzan ni mtoto wangu, na mimi sihukumu mtu kwa suruali ya mwingine. Mwambie aniandikie barua ya posa kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kwenye karatasi yenye mistari. Nitamjua.

Kuhusu kuja, masika imekata barabara.

Ndugu yako,
Gaudensi

*

Observatory
18 Mei 2025

Mdogo wangu,

Natumaini masika imeisha, maana kwenye ramani ya simu naona mna jua kali.

Hapa baridi imeanza. Majani ya mnyonyo sijayapata, nimepata dawa ya kuchua ya Wazulu ambayo inanuka vibaya zaidi kuliko maumivu yenyewe. Lambert amekuandikia, aliniambia ametuma kwa posta ya kulipia. Aliandika siku tatu. Suzan anasema alikuwa anapima mistari kwa futi ya kushonea.

Sasa sikia alichofanya shemeji yako. Jumapili tulipokuwa mezani nilimwambia kwamba wazee wa Lambert wanataka kuja kubisha hodi. Akamaliza nyama kwanza. Kisha akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Sharp, sawa. Jumamosi tarehe tano Julai njiwa wangu wataachiwa Kroonstad. Wa kwanza atatua hapa saa nne asubuhi na kitu kidogo. Mwambie fundi wako aje na wazee wake siku hiyo hiyo, saa nne kamili. Akimtangulia njiwa wangu, nitamsikiliza. Njiwa akimtangulia yeye, asirudi tena kwenye geti langu."

Nikamuuliza, "Unamshindanisha mtu na ndege?" Akanijibu kwamba ndege naye ana mambo yake njiani, kuna mwewe, kuna nyaya za umeme, na bado anafika.

Gaudensi, nilicheka, kisha nikamwona Suzan. Aliingia bafuni, akafungua maji yakawa yanamwagika muda mrefu. Jioni akaniambia hataolewa kwa kumruka baba yake, na Lambert akifukuzwa getini basi yamekwisha, hatatafuta mwingine. Ana miaka thelathini na moja na hajawahi kuniambia jambo kwa uso ule. Naogopa. Yule kijana ninampenda, lakini hajawahi kufika mahali popote saa aliyosema.

Njoo kabla ya tarehe hiyo. Ukikaa wewe pale mezani, Duni hatathubutu mchezo huu. Usinijibu habari za barabara.

Rosalia

*

Matombo
14 Juni 2025

Dada,

Shikamoo. Barabara ni nzuri sana.

Barua ya kijana imefika. Nilipofungua niliona Kiswahili cha Lubumbashi, nikachukua kalamu nyekundu kabla sijajua ninachofanya. Nilisahihisha ukurasa wa kwanza wote. Ukurasa wa pili ameandika kwamba Suzan akicheka dukani wagonjwa kwenye foleni wanasahau kuumwa, na kwamba yeye akishona huwa anachelewa kwa sababu mshono usiomridhisha anaufumua, hata kama mteja asingeuona. Hapo nikaiweka kalamu chini. Nimekubali posa yake. Mwambie Suzan mjomba amekubali.

Nimemjibu Lambert moja kwa moja. Niliyomwandikia ni mambo ya mjomba na mkwe, usiniulize.

Kuhusu kuja: mbuzi wawili wanakaribia kuzaa.

Mjomba mtu,
Gaudensi

*

Observatory
13 Julai 2025

Mdogo wangu,

Hongera ya mbuzi. Salamu zote utazipata barua ijayo, leo siwezi kungoja.

Jumamosi ile ya njiwa niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Duni alikuwa ameshavaa, na suruali aliyovaa ni ile ile iliyochelewa, nadhani aliivaa kwa ukaidi. Akaiweka saa yake yenye lakiri juu ya meza ndogo uani, chini ya kamba ya nguo. Akapanda ngazi ya banda nyuma ya nyumba, akageuza uso juu, akasema, "Nisiitwe na mtu yeyote mpaka ndege aingie. Na kelele sitaki."

Saa tatu u nusu, Gaudensi, geti likagongwa. Saa tatu u nusu! Nilidhani ni wauza mifagio. Kufungua, ni Lambert na wazee watano, wote sare ya kitenge kipya, wakiongozwa na shangazi yake, Maman Agnès, mwanamke mpana mwenye kilemba cha njano kinachoonekana kutoka Yeoville, mtaa wa pili. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kola ya Lambert. Mzee mmoja alikuwa na mkono mmoja wa koti ulioshikwa na pini.

Sasa huku, wajumbe wa posa husimama getini wakapaza sauti kuutaja ukoo wa baba wa binti mpaka wakaribishwe. Wale Wakongomani walifundishwa vizuri na majirani zao. Maman Agnès akavuta pumzi. Mimi nikamrukia nikamziba mdomo. Nikawaeleza habari ya ndege. Basi wakautaja ukoo wote wa Duni kwa kunong'ona, majina marefu yale, wamesogeza vichwa pamoja. Maman Agnès akanigeukia: "Maman, huyu baba tunamuita ao tunamuiba?"

Nikawaketisha uani. Duni tuliona mgongo wake tu juu ya ngazi, na unajua sikio lake la kulia siku hizi limebaki pambo. Lambert akaninong'oneza, "Maman, sasa baba atajua je kama nilimutangulia ndege?" Nikamwambia ukweli, kwamba mume wangu haamini mtu, anaamini saa ile pale tu. Sikusema kingine. Vikopo vilikuwa pembeni ya saa. Lambert alivitazama. Akatoa mfukoni pete ya uchumba ya Suzan, akaitia kwenye kikopo kama anavyovaa kastabini yake kila siku, akakidondosha kwenye tundu. Alijuaje kuzungusha mpini, mimi sijui. Krak.

Tukakaa. Saa nne ikapita kidogo, Duni akanyoosha mkono juu. Njiwa wake wa kwanza, yule anayemwita Mazimbu, akazunguka mara moja na kutua juu ya bati. Akatuona. Akaona kilemba cha njano. Akakataa kushuka.

Uelewe, njiwa akikaa juu ya paa hajafika. Mpaka aingie, mpaka kipira kiingie kwenye saa. Duni akatikisa kopo la mahindi, akamwita kwa majina ya mapenzi ambayo mimi sijayasikia tangu Morogoro. Sisi sote tumeganda. Mzee wa pini alikuwa ameinua kikombe cha chai, kikabaki hewani. Suzan akasimama mlangoni na trei ya maandazi. Ndipo Maman Agnès, polepole sana, akakifungua kilemba chake, akakiweka magotini akakifunika kwa mikono. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kufunua kichwa mbele ya wakwe maishani mwake. Mazimbu akaingia.

Duni akashuka ngazi kama kijana, akavua kipira, akakimbilia saa, krak! Halafu akaangalia vizuri. Akahesabu vikopo. Akasema, "Eish! Nani amegusa saa yangu?"

Lambert akasimama. "Ni mimi, Papa. Nilisha kufika. Saa yako inajua."

"Umefika saa ngapi?"

"Iko ndani."

Suzan akauliza, "Na pete iko wapi?" Alisema kwa Kiswahili, Gaudensi, kwa mshtuko. Lambert akaonyesha sanduku. Suzan akatazama lakiri, akamtazama baba yake, akaanza kucheka, akacheka mpaka maandazi yakadondoka. Njiwa hawakujali, walikuwa wameshaingia.

Duni angeweza kuvunja lakiri akatoa pete, lakini angejitoa kwenye mashindano. Akakaa chini. Nilimwonea huruma kidogo. Akasema, "Pete itangoja mpaka saa ifunguliwe chamani." Basi alasiri tukaenda wote kwenye ukumbi wa chama kule Malvern, yeye mbele na saa magotini, wajumbe nyuma, na maandazi yaliyosalimika.

Katibu akakata lakiri mbele ya wanachama, akavuta utepe, akavaa miwani, akavua miwani. Chapa ya kwanza ilikuwa ya wakati ambao njiwa wote wa Johannesburg walikuwa bado porini. Akasema, "Mzee Duni, huyu wako wa kwanza alipanda teksi?" Akafungua kikopo, pete ikabingirika mezani. Ukumbi ukavuma. Kanuni yao ni kwamba chapa isiyo na maelezo inaharibu saa nzima, na Mazimbu naye hatahesabiwa. Kwa hiyo Duni ilimbidi aseme, na aseme kwa sauti, yaandikwe.

Alisimama. Akaivuta suruali vizuri. Akasema, "Huyo si njiwa. Huyo ni mkwe wangu. Amefika kabla ya saa."

Wazee wale wakapiga meza mpaka glasi zikaruka. Lambert alimvisha Suzan pete pale pale, kati ya magunia ya chakula cha ndege. Mazimbu amekuwa wa tatu. Nililia na sioni aibu.

Kurudi, ndani ya gari, Duni akamwambia Lambert amshonee suti ya harusi. Akamuuliza itakuwa tayari lini. Lambert akajibu, "Alhamisi, Papa."

Nilikuangalia getini siku nzima, hata nilipojua huji.

Rosalia

*

Matombo
10 Agosti 2025

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea watu wa nyumbani, na jioni imeombwa tena na majirani. Mbuzi wamezaa watatu.

Sasa nikuambie kitu, lakini shemeji asijue mpaka nife, na hata nikifa ungoje arobaini ipite. Katika ile barua yangu kwa Lambert niliandika kwamba wazee wa ukoo wamepanga saa mbili asubuhi. Saa mbili. Nimefundisha miaka mingi, najua mtu wa saa nne huitwa saa mbili. Kwa hiyo ukihesabu vizuri, kijana wetu alichelewa saa moja na nusu. Lakini saa ya shemeji haikumuuliza aliambiwaje.

La pili ni gumu zaidi. Umeandika kwamba ulinitazama getini. Mbuzi si sababu, na barabara haikuwa sababu. Siku mliyoondoka na Duni kurudi kwao, niliwasindikiza mpaka basi, na nilibaki nimesimama pale mpaka vumbi likatulia. Nikajiambia dada amekwenda kutembea. Nimejiambia hivyo miaka yote. Nikija huko nikaona jiko lako, na mapazia yako, na mahali unapoweka chumvi, nitajua hukwenda kutembea. Huko ndiko kwako. Basi huwa napata mbuzi.

Gaudensi

*

Observatory
31 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako jikoni. Chumvi naiweka juu ya friji, kwenye kopo la maziwa, kama Mama alivyokuwa anaiweka kwenye kopo la maziwa. Sasa unajua moja, na hujafa.

Na mimi nina la kwangu. Duni aliponiagiza niwape wajumbe saa nne kamili, mimi nilimwambia Maman Agnès saa tatu. Kwa hiyo kijana alikuwa na saa mbili yako na saa tatu yangu, akazikosa zote, na akawahi. Baba mkwe amekata kile kipande cha utepe, amekitia kwenye fremu, amekitundika sebuleni karibu na picha ya harusi yetu. Mgeni akija anamsimamisha pale. Anasema, "Watu husema uongo, saa haisemi." Mimi napita na chai.

Harusi ni Jumamosi tarehe 6 Desemba. Mjomba ndiye atakayemtoa Suzan. Sitakusihi tena.

Rosalia

*

Matombo
28 Septemba 2025

Dada,

Shikamoo. Mbuzi nimempa jirani. Nauli ninayo, koti nimeliendea mwenyewe, nimelichukua bila kola.

Niambie jambo moja tu kabla sijakata tiketi, maana sasa nakujua. Hiyo tarehe 6 ni tarehe ya kweli, au ni tarehe ya fundi cherehani?

Gaudensi

*

Observatory
12 Oktoba 2025

Mdogo wangu,

Ni ya uongo. Harusi ni tarehe 20.

Lakini sikukuongopea kwa sababu unachelewa. Tarehe 20 ukija na umati, nitakulisha, nitakusukumia kwenye picha, na utaondoka kabla hatujazungumza. Mimi nataka wiki mbili. Nataka ukae jikoni mwangu, unung'unike juu ya mapazia, umuulize Duni kama njiwa wanaliwa. Kola Lambert ameanza kuishona, kwa hiyo hiyo usiitegemee.

Njoo tarehe ile ile ya uongo.

Rosalia